Bwana Boma na Ngome ya Karema, 1879–1885

Karema ni mji mdogo ulioko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilometa 120 kutoka Mpanda, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Wageni wanaofika huko aghalabu huonyeshwa kanisa na majengo ya zamani ya misheni, na wachache tu huambiwa kwamba misheni hiyo haikuanza kama misheni. Kabla ya msalaba kusimamishwa, palikuwapo bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Na kabla ya mapadre, walikuwapo maofisa wa jeshi la Ubelgiji. Kwa muda wa miaka sita, tangu Agosti 1879 mpaka katikati ya mwaka 1885, Karema ilikuwa ngome ya kigeni katika nchi isiyokuwa bado koloni la mtu yeyote.

Habari za ngome hiyo zimeandikwa zaidi kwa Kifaransa, na zimeandikwa na watu waliokuwa ndani ya kuta zake. Watu waliokuwa nje ya kuta, yaani Wabende, Wafipa, Wapimbwe na Wakonongo, pamoja na Watabwa wa ng'ambo ya ziwa, wao wameacha kumbukumbu za namna nyingine, na mojawapo ni jina. Ofisa wa mwisho kuitawala Karema, Kapteni Émile Storms, hakuitwa na wenyeji kwa jina lake. Waliita Bwana Boma. Jina hilo linastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha kama vile linavyostahili kuchunguzwa na wanafunzi wa historia, kwa kuwa linaeleza kwa maneno mawili jambo ambalo wakubwa wa Brussels walijitahidi miaka yote ile kulikana.

Chanzo cha mambo ni mkutano wa wataalamu wa jiografia ulioitishwa na Mfalme Leopold II mjini Brussels mwezi Septemba 1876. Katika mkutano huo kiliundwa Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kazi yake ilitangazwa kuwa ni kufungua njia za elimu katika bara na kupiga vita biashara ya watumwa. Chama kilikusudia kuanzisha mlolongo wa vituo kutoka Pwani ya Mashariki kuelekea ndani, na vituo hivyo vilielezwa kuwa ni vya elimu na ukarimu: msafiri wa taifa lolote apate mahali pa kupumzika, apate dawa na chakula, na mkuu wa kituo apime mvua na joto, akusanye mimea na wadudu, aandike msamiati wa lugha za wenyeji. Haya yalikuwa makusudi mazuri, wala si haki kusema kwamba kila aliyeyaamini alikuwa mnafiki. Lakini Mfalme alipochagua watu wa kuyatekeleza, alichagua karibu wote kutoka jeshini. Crespel, Cambier, Wautier, Popelin, Ramaeckers, Storms: wote walikuwa maofisa. Mwanajeshi akipewa kilima na watu wenye bunduki, si rahisi ajenge nyumba ya wageni.

Msafara wa kwanza ulifika Unguja mwezi Desemba 1877, na mauti yakaupokea pale pale bandarini. Maes, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alikufa Januari 1878, na siku chache baadaye akafa Kapteni Crespel, kiongozi wa msafara. Luteni Ernest Cambier ndiye aliyebaki kushika uongozi. Aliongezewa Luteni Wautier na daktari Dutrieux, wakaondoka Pwani mwaka 1878 kwa njia ya Bagamoyo. Wautier naye akafa njiani kabla ya mwaka kwisha, na daktari hakuweza kuendelea mpaka ziwani. Hivyo kati ya wote waliotumwa ni Cambier peke yake aliyefika Karema, tarehe 12 Agosti 1879.

Njia aliyopita haikuwa tupu. Ilikuwa njia kuu ya biashara ya Wanyamwezi na Waarabu, yenye desturi na kanuni zake, na kila mtawala aliyekaa kando yake alidai hongo. Neno hilo katika siku zile halikuwa na fedheha linayobeba leo. Hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu, ulipatanwa kwa siku nyingi na kulipwa kwa shuka za merikani, kaniki, shanga na masango. Inafurahisha kukumbuka kwamba nguo ile ya merikani, iliyokuwa ndiyo fedha ya bara, ilipata jina lake kwa sababu ilisokotwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na merikebu za huko. Ndivyo Ubelgiji ulivyonunua kibali cha kupita Ugogo kwa pamba ya Massachusetts.

Huko Urambo Cambier alikutana na Mirambo, mtawala mwenye nguvu kuliko wote katika Unyamwezi wa magharibi, aliyekuwa akipigana kwa miaka mingi na Waarabu wa Tabora. Walichanjiana, wakawa ndugu wa damu. Kwa Mirambo tendo hilo lilikuwa mkataba wa siasa, maana alitafuta urafiki wa Wazungu ili apate njia yake mwenyewe ya kufikia Pwani pasipo kupitia kwa Waarabu. Kwa Cambier lilikuwa hati ya usalama. Kila mmoja alielewa undugu ule kwa namna yake, na tofauti hiyo ya maana ilikuja kuleta msiba kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Kwa nini Karema ikachaguliwa? Ujiji ulikuwa mji wa biashara ulio tayari, wenye soko na majahazi, lakini ulikuwa mikononi mwa wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili, na tayari Wamisionari wa Kiingereza wa Chama cha London walikuwa wamekaa huko tangu 1878, na Mapadre Weupe tangu Januari 1879. Cambier alitaka mahali pasipo na bwana mwingine. Alipata kilima kidogo karibu na maji, akapatana na mtawala wa hapo apewe ardhi kwa malipo ya bidhaa, akaanza kujenga. Wengi waliopita baadaye walimcheka. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyefika wakati ule ule, alieleza waziwazi kwamba hakupata kuona mahali pabaya kuliko pale pa kuweka kituo: kati ya kilima na ziwa palikuwa na matope na majani, hapakuwa na bandari ya kuaminika, na njia za biashara hazikupita hapo.

Thomson alikuwa na haki, lakini si haki yote, kwa sababu ziwa lenyewe lilikuwa likibadilika chini ya macho yao. Mto Lukuga, ulio ng'ambo ya magharibi, ndio mlango pekee wa maji ya Ziwa Tanganyika kutokea. Cameron alipoufikia mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, mlango ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda mwaka hata mwaka. Kiasi cha mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na Thomson mwenyewe aliuona Lukuga ukienda kwa kasi kuelekea Kongo. Tangu hapo ziwa lilishuka, kiasi cha meta 10 katika muda wa miaka 15 hivi. Ngome iliyojengwa ili itawale ufuko ikajikuta inatazama tambarare. Mwaka baada ya mwaka maji yalirudi nyuma, na mahali pa kufungia mashua palihama. Mji wa watu nao ukashuka kuyafuata maji. Hakuna ofisa aliyeweza kulitabiri jambo hilo, wala hakuna aliyewauliza wazee wa ufuko, ambao huenda wangalimweleza kwamba ziwa lile halikai mahali pamoja.

Kisa cha ndovu ni cha wakati huo huo, nacho kimesimuliwa mara nyingi kama mzaha. Mfalme Leopold, kwa gharama yake, alinunua ndovu wanne huko Uhindini, wakashushwa pwani ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, mwezi Juni 1879, pamoja na waongozaji wao wa Kihindi, chini ya Frederick Carter, mtu wa Ireland aliyejua Kiarabu na aliyekuwa amefanya kazi Mesopotamia. Fikira iliyokuwapo si ya kipumbavu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na kwa hiyo mizigo yote ya bara ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Iwapo ndovu wangeweza kupita salama, na iwapo ndovu wa Kiafrika wangeweza kukamatwa na kufunzwa huko Karema, basi upagazi ungepungua, na pamoja na upagazi mojawapo ya sababu za utumwa. Lakini ndovu walibebeshwa mizigo mizito na kulishwa vibaya, wakaanza kufa njiani. Waliofika Karema mwishoni mwa mwaka 1879 walikuwa wamechoka, nao hawakuishi.

Carter aliondoka Karema mwaka uliofuata kurudi Pwani, akiwa pamoja na Cadenhead, mtu wa Uskoti. Mwezi Juni 1880 walikuwa katika mji mmoja wa Mpimbwe, nchi ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Katavi, wakati majeshi ya Mirambo na ya mshirika wake Simba wa Usawira yalipouvamia. Wazungu wote wawili waliuawa. Mirambo alijitetea kwamba vita vile vilikuwa na adui zake, wala hakukusudia kuwaua wageni waliokuwa ndani ya boma la adui. Yawezekana kabisa kwamba alisema kweli. Lakini Balozi wa Kiingereza Unguja, John Kirk, aliyekuwa akimfikiria Mirambo kuwa mtu wa kupatana naye, alimgeuzia uso, na matumaini ya Mirambo ya kutambuliwa na dola za Ulaya hayakufufuka tena. Undugu wa kuchanjiana wa mwaka 1878 haukusaidia upande wowote. Ni vigumu kutaja tukio jingine lililotokea katika nchi ya Wapimbwe ambalo lilibadili siasa za bara kwa kiasi hicho, na hata hivyo halitajwi katika vitabu vya shule.

Msiba huo ndio ulioifanya Karema kuwa ngome hasa. Desemba 1880 alifika Kapteni Ramaeckers kumpokea Cambier, akamkuta mtu aliyechoka katika nyumba za udongo ambazo hazijakamilika. Pamoja naye alikuwa kijana mmoja mwenye kalamu nyepesi, Jérôme Becker, ambaye kitabu chake cha 1887, chenye majuzuu mawili, ndicho chemchemi kubwa ya habari za maisha ya kila siku ya Karema. Ramaeckers aliongeza kuta za matofali mabichi yaliyokaushwa juani, akaweka pembe zilizotokeza nje ili bunduki zipate kuona kila upande, akalimisha mashamba. Alipima hali ya hewa kama alivyoagizwa, akapiga hata picha. Tarehe 25 Februari 1882 akafa papo hapo Karema. Popelin alikuwa amekwisha kufa Mei 1881 katika safari ya kutafuta mahali pa kituo kingine, na De Leu alikuwa amekufa Tabora mapema mwaka huo huo. Becker, aliyekuja kama mfuasi tu wa msafara, akajikuta ni bwana wa ngome.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa maana vitabu huzungumza juu ya ngome ya Wabelgiji kana kwamba ilijaa Wabelgiji. Kwa kweli mara nyingi alikuwapo mmoja tu, pengine wawili. Waliokaa Karema, walioijenga kwa mikono yao na kuilinda usiku, walikuwa askari na wapagazi walioandikwa Unguja na Bagamoyo na Tabora, pamoja na wake zao na watoto wao. Hao waliitwa Wangwana. Neno hilo kwa asili maana yake ni watu huru waungwana, lakini wengi wa walioitwa hivyo katika misafara walikuwa watumwa wa watu wa Pwani, waliokodishwa kazi na kugawana mshahara na mabwana zao. Neno lilikwisha kuhama kutoka hali ya mtu katika sheria kwenda kwenye nguo yake na lugha yake: Mngwana ni yule aliyevaa kanzu, aliyezungumza Kiswahili, na aliyejihesabu kuwa si mshenzi. Kwa hiyo chama kilichoundwa kupiga vita utumwa kilijengewa kituo chake kwa sehemu na kazi ya watumwa waliolipwa ujira. Wakubwa wa chama walilijua jambo hilo. Hawakulisema sana.

Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ngome tangu siku ya kwanza. Mzungu alitoa amri kwa Kiswahili, kizuri au kibaya kadiri ya kila mmoja. Nyampara aliwapelekea watu. Kesi ziliamuliwa kwa Kiswahili hata kama mlalamikaji alisema Kibende na mshtakiwa Kifipa. Ukurasa wa Becker umejaa maneno yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa ambayo msomaji wa Kiswahili huyatambua mara moja: pagazi, nyampara, askari, hongo, tembe, posho, rugaruga. Neno hili la mwisho ni la bara, la vita vya Mirambo, lenye maana ya vijana wapiganaji wasio na makazi. Mengine yametoka Pwani. Yote yamekaa pamoja katika kitabu kimoja, kama walivyokaa wenyewe ndani ya ua mmoja, na mtu anayetafuta ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyoenea katika nchi za ziwa kabla ya utawala wa Wajerumani hana budi kuangalia vituo vya namna ya Karema, kwa kuwa hapo lugha ilikaa miaka na kuzaa watoto, tofauti na kambi ya msafara ambayo huondoka asubuhi.

Storms alifika Septemba 1882. Alikuwa mtu wa namna nyingine. Becker alikuwa ameona kwamba Waarabu ndio wenye nchi kwa hakika na kwamba lililo la busara ni kupatana nao; Storms aliona kwamba nchi ni ya yule atakayejenga. Tarehe 4 Mei 1883 alivuka ziwa akaanzisha Mpala katika nchi ya Watabwa, akaifanya kubwa na yenye nguvu kupita Karema. Tangu hapo alitawala pande mbili za maji. Aliamua kesi, alipokea kodi kwa jina la zawadi, alisimamisha na kuondoa watemi, alipiga vita. Hapo ndipo jina la Bwana Boma lilipoenea.

Neno boma katika Kiswahili cha wakati ule lilikuwa na maana iliyo wazi: ua wa miti au wa miiba au wa udongo uliozunguka mji au kambi kwa ajili ya kujikinga. Krapf, katika kamusi yake iliyotolewa 1882, analieleza kwa maana ya kujihami namna hiyo hiyo. Ipo hadithi inayorudiwa mpaka leo, hata na watu waliosoma, kwamba boma ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza yahusuyo utawala wa ng'ambo. Hadithi hiyo haiwezi kusimama. Storms aliitwa Bwana Boma na watu ambao hawakuwa wamemwona ofisa wa serikali ya Kiingereza, miaka mingi kabla ya Mwingereza yeyote kutawala Tanganyika. Lililo la kweli ni kwamba maana ya neno ilisogea. Kwanza boma lilikuwa ukuta. Kisha likawa nyumba ya mwenye ukuta. Kisha, katika siku za Wajerumani na Waingereza, likawa ofisi ya wilaya, hata kama haina ukuta wowote. Katika jina la Storms maana zote tatu zimekutana, na kwa sababu hiyo jina lile ni shahidi mzuri wa wakati neno lilipoanza kugeuka. Wenyeji waliona kwamba mtu huyu na ukuta wake ni kitu kimoja, na kwamba kitu hicho ni serikali. Brussels ilikuwa ingali ikiandika kituo cha elimu na ukarimu.

Tendo lililolithibitisha jina hilo lilitokea ng'ambo ya ziwa. Katika milima ya juu ya Mpala alikaa Lusinga, mtawala wa Kitabwa aliyekuwa amejipatia nguvu kwa bunduki na kwa biashara ya watumwa, na ambaye hakukubali kuwa chini ya Storms. Desemba 1884, mwezi ule ule alipokufa Mirambo huko Unyamwezi, watu wa Storms walimwua Lusinga, wakamkata kichwa, wakakipeleka kwa bwana wao. Fuvu lilichukuliwa Ulaya pamoja na mengine mawili ya watawala wa nchi hizo, na mwaka 1886 likapimwa na kuelezwa mbele ya wataalamu wa Brussels kama mfano wa kabila. Sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga ilichukuliwa pia, ikawa pambo katika nyumba ya Storms, na baadaye mjane wake aliitoa pamoja na vitu vingine kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Lusinga hakuwa mtu mpole. Thomson alimwona mwaka 1879 na kumweleza kuwa mtu wa kumwaga damu. Lakini aliyehukumu hakuwa hakimu, na hapakuwa na kesi. Mwenye kuandika historia ya vita dhidi ya utumwa katika Ziwa Tanganyika hana budi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, wala asitumie moja kulifunika jingine.

Mwisho wa Karema ulitoka mbali. Wakati Storms akipigana, Mkutano wa Berlin ulikuwa ukikaa, tangu Novemba 1884 mpaka Februari 1885, na Leopold alipata alichokuwa akikitaka kwa muda wote: Dola Huru ya Kongo, iliyofikiwa kwa njia ya mto kutoka Bahari ya Atlantiki. Ziwa likawa mpaka wake wa mashariki. Mpala ilikuwa ndani ya mpaka, Karema nje. Njia ya Bagamoyo, iliyogharimu maisha ya watu wengi hivyo, haikuwa na faida tena kwa Mfalme. Msafara wa tano, uliokuwa umekwisha fika Unguja chini ya Becker, uliitwa nyumbani. Storms aliagizwa avikabidhi vituo vyote viwili kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, na katikati ya mwaka 1885 akafanya hivyo, kwa uchungu usiofichika.

Mapadre waliingia ndani ya kuta zilezile. Kwa miaka ya kwanza misheni ilikuwa ngome kwa kila maana: watu waliokimbia wavamizi walipata hifadhi humo, watoto waliokombolewa walilelewa humo, milango ilifungwa usiku, na Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alipita Karema mwaka 1886 kabla ya kwenda ng'ambo kuongoza ulinzi wa misheni za huko. Nchi ikaingizwa katika eneo la Wajerumani. Hatua kwa hatua ulinzi ulipungua haja yake, na majengo mapya yakameza yale ya zamani, hata mabaki ya kuta za Wabelgiji yakawa sehemu ya nyumba za misheni. Askofu Lechaptois alikaa Karema akaongoza kutoka hapo nchi kubwa ya kusini magharibi mpaka alipokufa mwaka 1917. Jina la Karema lilipewa vikarieti mwaka 1946 na jimbo mwaka 1953, kisha likaondolewa mwaka 1969, makao yalipohesabiwa kuwa ya Sumbawanga. Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000.

Mtu mmoja wa Karema hastahili kupitwa. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu kiasi cha mwaka 1866, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 kwa miguu kutoka Pwani. Alioa huko binti wa mtawala wa nchi, akajifunza dawa za miti shamba kwa waganga wenyeji na kuziunganisha na elimu yake ya Malta, na mwanawe akawa padre. Alitibu watu wa ufuko ule mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67, chini ya Wajerumani, Wabelgiji wa vita vya 1916, na Waingereza. Maofisa wote wa chama cha Leopold waliokaa Karema, wakijumlishwa pamoja, hawakutimiza miaka saba. Ukitafutwa ule ukarimu na ile elimu iliyoahidiwa Brussels mwaka 1876, vilipatikana katika chumba cha dawa cha mtu aliyekuwa mtumwa, na vilipatikana baada ya wanajeshi kuondoka.

Wabelgiji walirudi mara moja tu kwa silaha. Julai 1916 majeshi yao yaliteka Kigoma, na Septemba 19 mwaka huo yakaingia Tabora. Lakini njia kuu ya vita ilikuwa ya reli ya Kati. Reli ya tawi iliyojengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, kilometa 210, ilifunguliwa mwaka 1950 ikaishia Mpanda. Bandari ya kisasa haikujengwa Karema mpaka miaka ya karibuni, na wajenzi wake walilazimika kufikiri upya juu ya jambo lililomshinda Cambier, yaani wapi maji ya ziwa yatasimama.

Storms alipanda cheo akawa jenerali, akafa mwaka 1918. Sanamu ya kichwa chake ilisimamishwa katika uwanja mmoja wa Brussels, ikakaa humo karne nzima. Katika miaka ya karibuni watu wa Brussels walianza kuuliza habari za fuvu la Lusinga, ambalo bado lilikuwa katika taasisi ya elimu ya viumbe ya mji huo huo, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa. Huko Karema hakuna sanamu yake. Lipo neno boma, nalo hutumiwa kila siku na watu wanaokwenda wilayani kutafuta hati au kulipa kodi.